Jaribio la Kumi na Posa ya Maramba

Lugha ile ya kompyuta niliipenda kwa sababu haikuniuliza cheti. Nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka Tanga na begi moja, na kwa zaidi ya miaka ishirini nikawa mtu wa kuhama: Mombasa kwenye duka la vipuri, Unguja kwenye hoteli, Mtwara kwenye maghala ya korosho, Dar es Salaam kila kazi iliyojitokeza. Niliporudi nilikuwa nimeshavuka arobaini. Nikapata kazi ya kutunza chumba cha kompyuta katika shule moja ya Raskazone. Kazi yenyewe ilikuwa kuwasha, kuzima, kupangusa vumbi, na kuwafukuza wanafunzi waliokula maandazi juu ya kibodi.

Mwalimu wa hisabati wa shule hiyo, Msambaa wa Lushoto wa rika langu, alikuwa na mazoea ya kuja kunywa chai chumbani kwangu. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita Msafiri. Siku moja alinisikiliza nikimweleza jinsi nilivyoaibika msibani kwa kumwita mtu shemeji kumbe ni mtoto wa ndugu yangu.

"Umezurura mpaka umesahau watu wako," akasema. "Hebu kaa hapa. Kuna lugha inakufaa."

Akaniwekea programu ya lugha ya mantiki kwenye kompyuta yangu ya mpakato. Katika lugha hiyo huiamrishi kompyuta ifanye hili kisha lile. Unaiambia unayoyajua: huyu ni mama wa yule. Kisha unaiambia kanuni: mtu aliyezaliwa na dada wa mama yako ni ndugu yako. Halafu unauliza. Yenyewe inaanza mstari wa juu, inashuka mpaka wa chini, inatafuta, na inakujibu ndiyo au siyo. Nikaona hiki ndicho kitu nilichokuwa nakitaka miaka yote ile niliyokuwa mbali. Jioni za Mtwara nilizoea kulala chali nikijaribu kuwapanga watu wa nyumbani kichwani, nani kamzaa nani, na kila mara nikakwama kwa mtu mmoja au wawili ambao sura zao nilizikumbuka na nasaba zao nimezisahau.

Basi nikaanza kuandika ukoo wetu. Kila Ijumaa baada ya swala nilikwenda kwa dada yangu Nguvumali nikiwa na daftari. Dada yangu ndiye mkubwa, ananizidi miaka saba, na kumbukumbu yake haina tobo. Alikuwa akisonga ugali au akipaa magamba ya samaki huku akinitajia watu, na mimi naandika. Binti yake, ambaye ni mtoto wake wa pekee, alikuwa akinicheka.

"Mjomba, hiyo si kompyuta, hiyo ni ofisi ya mtaa."

Mwalimu alinifundisha pia kuandika majaribio. Aliniambia programu bila majaribio ni maneno ya mlevi: huenda ni kweli, huenda si kweli, na huna pa kushika. Jaribio ni kipande kifupi unachokiandika pembeni, unaiuliza programu jambo ambalo jibu lake unalijua, na kompyuta inakuambia kama imepita au imeanguka. Nikaandika kumi na manne. Yalikwenda kwa mpangilio nilioyaandika nao, la kwanza juu, la kumi na nne chini, na nilipoyaendesha, majibu nayo yalitoka kwa mpangilio ule ule: limepita, limepita, limepita. Sikuyavuruga kamwe. Nilijiambia kuwa ikiwa lugha yenyewe inasoma kutoka juu kwenda chini, majaribio nayo yana haki ya kusomwa hivyo. Yalinikumbusha vituo vya njia niliyoizoea. Ukishavuka kimoja unajua kinachofuata.

Jaribio la tisa na la kumi yalihusu undugu wa ziwa. Sisi wa pwani tulisomeshwa kwenye chuo cha Kurani tangu watoto kuwa mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake mara tano za kushiba, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, basi mtoto yule ni mwanawe wa ziwa. Hawezi kuoana na watoto aliowazaa mwanamke huyo. Pungufu ya hapo, hakuna kitu. Nilipokuwa naandika jaribio la tisa nilitaka mfano, na dada yangu alikuwa ameshanisimulia kwamba binti yake alipokuwa mchanga, miezi minne tu, yeye dada aliugua akalazwa hospitali mjini. Wakati huo waliishi Maramba, mume wake akilima huko. Jirani mmoja, mama mwenye mtoto wake wa kiume ananyonya, akamchukua binti yule akamnyonyesha. Nikaona mfano ndio huu. Katika jaribio la tisa nikaiambia programu: jirani kamnyonyesha binti mara mbili, je, ni mama yake wa ziwa? Jibu lililotakiwa ni siyo. Likapita. Katika jaribio la kumi nikataka mara tano, na kwa uvivu nikaongeza tatu tu, kwa kuwa zile mbili za jaribio la tisa zilikuwa bado zimo kwenye kumbukumbu ya programu. Mbili na tatu ni tano. Jibu lililotakiwa ni ndiyo. Likapita. Nikaona nimefanya jambo la akili.

Ikapita miezi. Kisha ikaja barua ya posa kutoka Maramba, na mposaji ni kijana wa yule yule jirani.

Binti wa dada yangu na kijana yule walikutana Tanga mjini ukubwani, yeye akifanya kazi kwenye duka la dawa, kijana akileta machungwa sokoni. Walipendana kabla hawajajua kwamba mama zao waliwahi kuwa majirani. Walipojua walifurahi zaidi. Dada yangu ndiye aliyekosa raha. Siku tatu alikuwa akitembea ndani ya nyumba akifungua makabati na kuyafunga. Jumamosi, alasiri, akaniita. Nilikuta jamvi limetandikwa, yeye na binti yake wamekaa, barua ya posa iko katikati.

"Mdogo wangu," akasema, "yule mama alimnyonyesha mwanangu. Mimi nilikuwa kitandani, sikuona. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliniambia ni mara tatu. Lakini nikiwaoza halafu ikawa ni ndugu, mzigo ule nitaubeba vipi?"

"Si uulize shehe?" nikasema.

"Shehe nitamuuliza. Nataka kwanza nijue ninachokwenda kumwambia. Hiyo mashine yako si ilitatua ugomvi wa Idi?"

Ni kweli. Sikukuu ya Idi wazee wawili walikuwa wamebishana saa nzima kama fulani ni mjomba au babu mdogo wa fulani, na programu ikawajibu kabla chai haijapoa. Tangu hapo watu wa nyumbani waliitazama kompyuta yangu kwa heshima ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuipata.

Basi nikaifungua. Na kwa kuwa jambo lilikuwa zito, nilitaka waone kuwa programu ni ya haki. Nikawaendeshea majaribio yote kumi na manne, mbele yao, kutoka juu mpaka chini. Limepita, limepita, limepita. Dada yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha, palepale, bila kufunga wala kufungua upya, nikaandika alichoniambia: mara tatu, moja moja. Nikauliza: huyu ni mama wa ziwa wa huyu?

Ikajibu: ndiyo.

Nikauliza: basi huyu anaweza kuolewa na mtoto wa yule?

Ikajibu: siyo.

Binti alinyoosha mkono akaichukua ile barua ya posa, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani, akaingia nayo chumbani.

Ningeweza kusimama hapo nikafikiri. Tatu si tano, hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini nilikuwa nimeona majaribio kumi na manne yamepita, nikadhani labda kuna kanuni nyingine niliyoiandika zamani nikaisahau, jambo la nasaba lililojificha. Niliiamini mashine kuliko vidole vyangu. Na dada yangu hakuwa akihesabu tena. Alikuwa ameshika simu.

"Mwenzangu," nilimsikia akisema, "tumepima hapa kwa kompyuta. Watoto ni ndugu. Wewe ulijua, kwa nini ukanyamaza?"

Sauti ya upande wa pili niliisikia mpaka nilipokaa. "Nimenyamaza nini? Mimi nilete posa kwa mwanangu mwenyewe? Mimi Mwislamu au mti?" Kisha simu ikakatika. Dada alipopiga tena haikupokelewa.

Kesho yake, Jumapili, Mwalimu alikuja shuleni baada ya ibada, bado amevaa koti lake. Nilikuwa nimekwenda huko kwa sababu nyumbani kwa dada palikuwa hapakaliki. Nikamweleza. Aliketi, akavuta kompyuta, akaniuliza swali moja.

"Uliiuliza imehesabu manyonyesho mangapi?"

"Nimeiuliza kama ni mama wa ziwa."

"Sikukuuliza hivyo, Msafiri. Umeiuliza idadi?"

Akanifanya nirudie kila kitu kama nilivyokifanya jana: majaribio kwanza, kisha zile tatu. Halafu nikauliza idadi.

Nane.

Tuliitazama ile nane wote wawili. Mwalimu hakucheka, ingawa ni mtu wa kucheka. Akasema, "Sasa funga. Fungua upya. Endesha jaribio la kumi peke yake."

"La kumi halijawahi kuanguka."

"Endesha."

Nikaendesha. Likaanguka. Bila la tisa kulitangulia, zile mbili hazikuwapo, na tatu zangu zikabaki tatu. Nikafunga, nikafungua tena, nikaendesha la tisa peke yake, likapita, lakini likaacha mbili zake ndani. Mwalimu akaniuliza kwa nini nilitumia majina ya watu wa kweli kwenye majaribio, nikamwambia ndio majina niliyokuwa nayo.

"Majaribio yako yanabebana," akasema. "La kumi limepanda mgongoni kwa la tisa. Ukiyaendesha kwa mpangilio wa faili huoni, kwa sababu aliyebeba anatangulia daima. Mpangilio si mbaya. Mimi mwenyewe nayaendesha kutoka juu, kwani likivunjika najua nimefika wapi. Lakini kila jaribio lije na chakula chake, lile, lioshe sahani, liondoke. Wewe umewaacha watano mezani, halafu ukawakaribisha wageni watatu wa kweli, ukahesabu vichwa."

"Nilitaka kuwaonyesha kuwa programu ni ya haki."

"Muuza samaki naye huonyesha mizani yake kwamba ni ya haki. Ila jiwe la kupimia aliondoe kabla ya kuweka samaki."

Tulirekebisha mchana ule. Kila jaribio likawa linafuta lilichokiweka. La kumi likawekewa tano zake lenyewe. Majina ya watu nikayaondoa, nikaweka majina ya matunda: ndimu kanyonya kwa embe. Tukayaendesha kutoka juu mpaka chini, yakapita. Tukayaendesha kutoka chini mpaka juu, yakapita. Tukaendesha moja moja, tukifunga na kufungua, mpaka Mwalimu akasema njaa inamuuma. Kisha nikaandika zile tatu, nikauliza. Siyo, si mama wa ziwa. Ndiyo, wanaweza kuoana.

Nilikwenda mbio Nguvumali. Dada alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo mimi nimemtukana mtu kwa ajili ya mabaki yako," akasema. "Wewe kila unapopita unaacha kitu. Kandambili zako ziko hapa tangu Ramadhani."

"Nisamehe, dada."

"Mimi si wa kuombwa. Nenda Maramba."

Kutoka chumbani binti akasema, bila kutokeza, "Na usichukue kompyuta, mjomba."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Njia ya Mabokweni kwenda Maramba niliwahi kuijua kwa miguu, kila daraja na kila mfereji. Sasa kulikuwa na nyumba za bati mahali nilipokumbuka mashamba, na nilimuuliza mwenye bodaboda mara mbili kama hatujapotea. Akaniambia, "Mzee, uliyepotea ni wewe, mimi naenda tu." Tukafika kabla ya adhuhuri.

Yule mama alikuwa barazani akimenya mihogo. Ni wa umri wa dada yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Hakunikaribisha kiti. Nikakaa kwenye ngazi.

"Wewe ndiye mwenye mashine," akasema.

"Ndiye mimi."

"Yenyewe ilinyonya kwa nani, hata ikajua maziwa ya watu?"

Nikamweleza. Si rahisi kumweleza mtu anayemenya mihogo kwamba jaribio la tisa liliacha mbili na la kumi likaongeza tatu, na majina yalikuwa yale yale. Nilipomaliza aliendelea kumenya mihogo mitatu mizima.

"Kwa hiyo ulinitia mimi kwenye majaribio."

"Ndiyo."

"Kabla hata posa haijaja. Ukaninyonyeshea mtoto mara tano, mimi nimelala kwangu."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada. Bado."

Akaweka kisu. Akanitazama kwa mara ya kwanza, na niliona kwamba hasira yake ilikuwa imechoka kidogo, ila kilichokuwa chini yake hakikuwa kimechoka.

"Mtoto yule alikuwa analia," akasema. "Mama yake kapakiwa kwenye gari kama mfu, bibi yake kashika mtoto hajui afanye nini. Nikamchukua. Nilikuwa na maziwa, ningefanyaje? Nilipomaliza mara ya kwanza, mama mkwe wangu akanivuta pembeni. Akaniambia, una mtoto wa kiume, na huyu ni wa kike, na hatujui Mungu kawaandikia nini. Hesabu. Usiwafungie watoto mlango wasioujua. Mimi sikusoma. Nilifunga fundo kwenye pindo la kanga yangu. Moja. Jioni, la pili. Alfajiri, la tatu. Mama mkwe akasema basi. Akatafuta maziwa ya mbuzi, akayachemsha, tukamnywesha kwa kijiko. Usiku kucha alilia. Maziwa yalikuwa yananimwagika na mtoto analia, na mimi nimejizuia, nimekaa naye, namtazama. Unajua hilo lilivyo?"

Nikasema sijui.

"Hujui. Nilijizuia kwa ajili ya siku kama hii. Halafu napigiwa simu, naambiwa nimeficha."

Baadaye kidogo nilimuuliza yale mafundo yaliishia wapi.

"Niliyafundua yote alipochukuliwa. Mwezi wa pili yake kulikuwa na mtoto mwingine wa jirani, mama yake kafariki. Ningeanzaje naye na mafundo ya mwenzake?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na nikafunika uso. Aliniuliza nacheka nini. Nikamwambia kwamba mwalimu mzima wa hisabati alikaa na mimi mchana kutwa kunifundisha jambo hilo.

"Basi ungeniuliza mimi," akasema, na akasukuma kigoda kwa mguu mpaka kikafika nilipokuwa. "Kaa vizuri. Unachafua suruali."

Alinipa maji. Kisha akasema sharti lake. Hakutaka shehe aje kwake, wala mashine, wala mimi. Alitaka dada yangu aombe radhi mwenyewe, kwa mdomo wake ule uliosema lile neno. Nikapiga simu, nikamwambia dada yangu mambo matatu: mafundo, maziwa ya mbuzi, na usiku ule. Kisha nikampa yule mama simu.

Nilitazama maganda ya mihogo. Hatimaye nilimsikia dada yangu, mbali, analia, na yule mama akasema, "Haya, haya. Na mimi nililia. Umepona, si ndiyo? Umemlea, si ndiyo?" Kisha wakaongea haraka haraka kwa Kidigo, mambo ya watu waliokufa na mti uliokatwa, na nikajua wamerudi kwenye miaka ambayo mimi sikuwapo, nilikuwa Mombasa nauza vipuri.

Shehe wa mtaa aliulizwa baadaye, kama ilivyo desturi. Alisikiliza ushahidi wa yule mama na kauli ya marehemu bibi wa binti kama ilivyosimuliwa, akasema tatu haziharamishi kitu. Habari za kompyuta hakuna aliyemtajia.

Lakini siku ile, pale barazani, kabla ya kukata simu, yule mama aliuliza, "Jibu la posa yangu liko wapi?"

Dada yangu akasema kitu. Yule mama akaitika, "Jumamosi. Tutakuja na watu. Mpe simu huyo mwari."

Nikasikia sauti ya binti, nyembamba, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema yule mama. Akanikazia macho mimi, akaivuta simu karibu na mdomo, akaongeza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mwanangu wa kuoleka. Wa ziwa hapana. Mjomba wako yuko hapa, anasikia."